Maji ya Kwanza ni ya Mto

Fimbo ya Ndunda ilikuwa na alama tatu zilizochongwa kwa kisu. Ya chini ilikuwa ya tope la kawaida, ya kati ya tope la kutiliwa mashaka, na ya juu haikuwa na jina kwa sababu hakuna aliyetarajia kuifikia. Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, mwaka 2005, aliichomeka fimbo hiyo katika bwawa la tatu la machimbo, akaichomoa, akakuta alama zote tatu zimevikwa kijivu. Alizunguka upande wa pili, akapima tena. Kisha akatazama milima ya Iveti, ambako mawingu yalikuwa yamekaa tangu adhuhuri, mazito, yasiyokwenda popote, kama wageni wanaongoja kukaribishwa.

Katika machimbo yale, ambayo wenyeji waliyaita kware, wengine walipasua mawe na wengine walipakia. Kazi ya Ndunda ilikuwa mvua. Mtaro wa juu uliyashika maji safi ya mlimani na kuyazungusha nje. Mtaro wa chini uliyakusanya yale yaliyonyesha kwenye uwanja wa mashine na kuyapitisha katika mabwawa matatu yaliyofuatana, ili vumbi la mawe litue chini na maji yatoke yakiwa angavu. Tope lililobaki wachimbaji waliliita uji. Kila kiangazi uji huo ulichotwa, ukakaushwa, ukafukiwa. Kiangazi cha mwaka huo haukuchotwa.

Alimkuta Reuben, msimamizi, mlangoni mwa ofisi ya mabati, akiandika namba za malori yaliyopanga foleni.

"Bwana Reuben, mabwawa yamejaa."

"Si ndiyo kazi ya bwawa, kujaa?"

"Yamejaa uji. Maji yakija hayana mahali pa kukaa."

Reuben hakuinua kichwa. "Unaona hizi lori? Saba. Balasti ni ya barabara, na barabara ni ya kura ya katiba. Watu wa ndizi, wale wa Ndiyo, wanataka barabara, watu wa chungwa, wale wa La, wanataka barabara. Sasa wewe unataka nitoe tingatinga kwa balasti iende ichote uji?"

"Siku moja tu."

"Mpe kijiko achote mwenyewe!" dereva mmoja alipaza sauti kutoka dirishani, na foleni nzima ikacheka. Ndunda naye alitabasamu, kwa kuwa mtu asiyetabasamu katika hali kama hiyo huchekwa mara ya pili.

Reuben alimvuta kando, sauti ikashuka. "Sikiza. Jumanne anakuja mtu wa mazingira kutoka mjini. Mkubwa anataka apate bwawa liko na nafasi."

"Nafasi itatoka wapi?"

"Mimi sijui. Mtu wa maji ni wewe ama ni mimi?" Aliirudisha kalamu nyuma ya sikio. "Nasema tu, asipoona nafasi, mkubwa ataniuliza mtu wa maji analipwa ya nini. Mimi nitamjibu nini, Ndunda? Na wewe uko na kijana Form Two."

Hakusema zaidi ya hapo. Baadaye, Ndunda alipojaribu kukumbuka amri aliyopewa, alitambua kwamba hakuna aliyompa.

*

Mvua ilianza Jumamosi saa tisa alasiri. Ilikuja kwa matone makubwa yaliyopiga vumbi na kuacha mashimo, kisha ikashuka yote kwa pamoja. Mashine zilizimwa, watu wakakimbilia chini ya mabati. Ndunda alibaki peke yake kwenye ukingo wa bwawa la tatu, akiwa amejifunika gunia kichwani, akilitazama bomba la chini lililozibwa kwa magunia na udongo wa mfinyanzi.

Hakuwa mtu mbaya, wala hakupiga hesabu ya mtu mbaya. Alizaliwa kando ya mto wa msimu, na jambo la kwanza alilofundishwa na nyanya yake kuhusu mito ya namna hiyo ni kwamba furiko la kwanza baada ya kiangazi halinywewi wala haliguswi. Hilo huja na kinyesi cha ng'ombe, mizoga ya panya, miiba na majivu ya mashamba yaliyochomwa. Huachwa lipite, na watu hukaa siku tatu kabla ya kuchimba visima vyao katika mchanga. Maji ya kwanza ni ya mto, nyanya alizoea kusema, ya pili ni ya watu. Basi Ndunda aliwaza kuwa uji ukishuka leo, utashuka pamoja na uchafu mwingine wote. Utauvuka ule ukuta wa mawe unaokinga mchanga mtoni kule Ivuso, utakwenda mbali, kwa watu asiowajua majina. Kesho kutwa mto utakuwa umejifagia.

Aliingia majini hadi mapajani, akang'oa gunia la kwanza, halafu la pili. Bomba lilikohoa mara mbili, kisha likatapika. Uji ulitoka mzito, wa kijivu, ukitoa mlio kama wa sufuria inayochemka, ukaingia mkondoni na kuutia rangi yake. Ndunda alisimama akiuhesabia: nusu ya bwawa, theluthi mbili.

Hapo mvua ilikatika. Haikupungua kwanza, wala haikunyunyiza. Ilikatika kama kamba. Jua lilitokea juu ya vilima vya Mua, na katika kimya kile alisikia uji ukiendelea kutiririka peke yake, bila maji ya kuubeba. Aliyarudisha magunia upesi, moja juu ya jingine.

*

Nyumba yake ilikuwa juu ya Ivuso, mwendo wa nusu saa kutoka machimboni. Mkewe, Syombua, alikuwa akikung'uta beseni alilokuwa amelikingia maji ya paa, na furaha yake ilionekana tangu mbali.

"Baba Mutiso, umeona neema?" alimwita. "Nilisema itanyesha kabla ya mwezi kuisha. Wanza alinibishia. Kesho atanisalimia kwa heshima."

Syombua ndiye aliyekuwa mpimaji wa mwethya, kile kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu, kila nyumba ikitoa mikono yake. Kamba ya katani yenye urefu wa hatua sita ilikuwa ikitundikwa nyuma ya mlango wake. Kwa kamba hiyo alikuwa amewagawia watu vipande vya kuchimba wakati wa kuujenga ukuta wa Ivuso. Miezi kumi na mmoja walibeba mawe, wengi wao wanawake, na mawe yenyewe yalitolewa bure na machimbo kwa maombi ya Ndunda. Ukuta ulikatiza mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na mchanga huo ndio uliohifadhi maji ndani yake, mahali ambapo jua kali halifiki. Kwa misimu miwili Syombua hakuwahi kununua mtungi wa maji. Kabla ya hapo alikuwa akimsubiri muuza maji wa punda, ambaye hakukopesha mtu na aliwaita wanawake wote "wewe."

Mezani Ndunda alimega ugali, akabaki ameushika. Binti yao mdogo, Mbinya, alikuwa akisimulia jinsi alivyoona furiko likija na fuvu la ng'ombe mbele yake.

"Liliruka ukuta?" Ndunda aliuliza.

"Fuvu?"

"Mto. Mto uliruka ukuta?"

Syombua alijibu badala ya mtoto. "Haukuruka. Ulifika kifuani mwa ukuta, ukachoka, ukakaa. Si mbaya. Mchanga utayanywa yote." Alimtazama. "Mbona huli?"

"Ninakula."

"Unashika tu ugali. Mikono yako ina nini? Imekauka kama umepakwa chokaa."

"Ni kazi," Ndunda alisema, akaificha mikono chini ya meza, nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya mkewe.

*

Afisa wa mazingira alifika Jumanne saa nne. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na daftari la jalada gumu, na alikuwa na tabia ya kungoja baada ya jibu, kana kwamba jibu la kwanza ni ganda tu. Mwenye machimbo alitembea kulia kwake, Reuben kushoto, na Ndunda nyuma yao na fimbo yake.

Alikagua mtaro wa juu, akaridhika. Aliinama kwenye vizuizi vya mawe na magunia ndani ya mtaro wa chini, akauliza aliyevipanga. Reuben alimsukuma Ndunda mbele.

"Vimepangwa vizuri," afisa alisema. "Nimekagua machimbo mengi, sehemu nyingi nakuta magunia yametupwa tu." Katika bwawa la tatu alimwomba fimbo, akapima mwenyewe. Tope lilifika alama ya chini. "Na hili je? Uji wa msimu uliopita mliupeleka wapi?"

"Tuliukausha," Reuben alisema upesi, "tukaufukia nyuma kule."

Afisa alingoja. Kisha akamgeukia Ndunda. "Ni hivyo, mzee?"

Mwenye machimbo alikuwa akitazama simu yake. Reuben alikuwa akitazama mawingu. Kwa kitambo kidogo Ndunda alikuwa mtu pekee katika machimbo yale aliyetazamwa machoni.

"Kama alivyosema," alijibu.

Afisa aliandika, akampa mkono. Jioni hiyo Reuben alimwita ofisini, akamkabidhi kifurushi cha nailoni. Ndani yake mlikuwa na buti za mpira, mpya, za kijani, na harufu ya duka.

"Za mkubwa," Reuben alisema. "Amefurahi. Mimi miaka sita hapa sijapewa hata soksi."

*

Siku tatu za mto zilipita. Alhamisi Syombua alishuka na jembe, kata na mitungi miwili, akamkuta mwenyekiti wa mwethya, Nthambi, amekwisha kufika. Nthambi alikuwa mjane wa miaka sitini na mitano, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Siku hiyo hakuwa akisema kitu. Alikuwa amesimama juu ya mchanga akiupigapiga kwa kisigino, na mchanga ulikuwa ukilia kama sakafu.

Kutoka ukutani hadi kwenye kona ya mto, mahali pote palikuwa pamefunikwa kwa gamba la kijivu, laini, lenye nyufa kama za chungu kilichopasuka. Juu ya gamba, katika vibonde, yalibaki maji ya mvua, siku tano baada ya mvua.

"Haya maji yamekataa kushuka," Nthambi alisema hatimaye.

"Labda mchanga umeshiba, mwaitu," Syombua alisema, akimwita mama kwa heshima.

"Mchanga ushibe kwa mvua ya nusu saa? Chimba."

Walichimba. Chini ya gamba mchanga ulikuwa mkavu, mweupe, unaomwagika. Waliendelea hadi kiunoni ndipo wakapata unyevu wa mwaka jana, na kisima kikatoa kata mbili za maji, kikanyamaza.

Ng'ambo ya mto alisimama Mahat, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kyumbi, aliyekuwa na ruhusa ya kunywesha mbuzi wake pale kila Alhamisi wakati wa kwenda soko la Tala. Mbuzi walikuwa wamevizunguka vibonde, wakinusa na kurudi nyuma, midomo yao imepakwa kijivu.

"Mama, leo kuna nini hapa?" Mahat aliuliza. "Huyu mbuzi anakula karatasi, anakula kamba ya kiatu, jana amekula shati yangu. Maji yenu amekataa. Sasa nyinyi mtakunywa kitu mbuzi amekataa?"

Nthambi alivunja kipande cha gamba, akakilamba kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mawe," alisema. "Ni unga wa mawe."

Hakumtazama Syombua alipolitamka neno hilo, na ule uungwana wake ulimchoma Syombua kuliko tusi. Alichukua kipande kingine, akakifunga katika pembe ya leso.

*

Jioni alikiweka mezani mbele ya mumewe, mahali ambapo sahani ingekuwa. Mbinya alikuwa ametumwa kwa jirani kuomba mtungi wa maji, mara ya kwanza katika misimu miwili.

"Hii ni nini?" Syombua aliuliza.

Ndunda alikitambua kabla ya swali. Alikivunja kwa vidole, akaona tabaka zake, moja juu ya nyingine, nyembamba kama karatasi.

"Ukuta wa bwawa ulivunjika?" Syombua aliuliza. Sauti yake ilikuwa ikimfungulia mlango, na wote wawili walijua. "Mvua ni nguvu. Vitu huvunjika."

"Haukuvunjika."

"Basi?"

"Nilifungua."

Syombua aliketi. "Nani alikuambia ufungue?"

"Hakuna aliyeniambia. Waliniambia tu wanataka nafasi." Alieleza yote, hata maneno ya nyanya yake, hata hesabu yake ya furiko la kwanza, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama hesabu ya mtoto. "Nilijua litapita. Uchafu wote wa maji ya kwanza hupita."

"Kinyesi hupita," Syombua alisema. "Kinyesi ni chepesi, tena kinaoza. Hii ni jiwe, Baba Mutiso. Jiwe litakwenda wapi?" Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na hata kama lingepita, kule chini kuna nani? Hakuna mama anayechimba maji?"

Ndunda aliufagia unga wa gamba kwa kiganja. Nje punda wa muuza maji alisikika akipanda kilima, mitungi ikigongana. Habari zilikuwa zimemfikia mapema.

"Kesho kutwa mwethya unakutana mtoni," Syombua alisema. "Nthambi anajua ni mawe, lakini hajui ni mkono wa mtu. Wengine wanasema ni upepo wa vumbi. Nikinyamaza, nitasimama pale na kamba mkononi niwapimie watu kazi, na nijue. Siwezi."

"Nikisema, kazi imeisha. Mutiso atarudishwa nyumbani kabla ya mtihani."

"Najua."

"Reuben atasema ni mimi peke yangu. Na ni kweli."

"Hiyo pia najua." Aliikunja leso yake polepole, pembe kwa pembe. "Mimi sikuambii useme. Nakuambia tu kwamba mmoja wetu atasema, na afadhali mto usikie kutoka kwako."

Usiku huo hakuna aliyelala vizuri. Kila mmoja alimsikia mwenzake akigeuka.

*

Jumamosi walikusanyika watu thelathini na wawili, wengi wanawake, majembe mabegani. Ndunda alikuwa amekuja na buti zake mpya kwa sababu za zamani zilipasuka, na alijuta kabla ya kufika. Mawingu yalikuwa yamerudi juu ya Iveti.

Nthambi alifungua mkutano kwa sala fupi, kisha akaeleza gamba lilivyo. Minong'ono ilizuka. Mmoja alilaumu upepo, mwingine alisema mto una hasira kwa sababu watu wa kura wamebandika picha za ndizi na chungwa hadi kwenye ukuta wa maji. Watu walicheka kidogo.

"Sitaki kulaumu mtu bila ushahidi," Nthambi alisema. "Watu wa kware walitupa mawe ya ukuta huu bure. Mimi napendekeza tuwaendee kwa heshima, tuwaambie vumbi lao limetufikia, tuwaombe tingatinga siku moja. Na hatuna haja ya kutafuta mjumbe. Ndunda ni mtu wetu kule. Ndunda, mwanangu, utatupelekea maneno?"

Watu walipiga makofi. Ndunda alisogea mbele, na makofi yakadhani amekubali.

"Mwaitu," alisema, "mimi siwezi kutumwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu huo uji niliufungua mimi. Kwa mikono yangu. Jumamosi ile ya mvua."

Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Ndunda aliendelea kabla ya ujasiri kumtoka. Aliwaambia juu ya fimbo, juu ya afisa, juu ya nafasi iliyotakiwa, na juu ya furiko la kwanza. Sehemu hiyo ya mwisho wazee wachache waliitikia kwa kichwa bila kutaka, kwa kuwa nao walifundishwa vivyo hivyo, na wangeweza kukosea vivyo hivyo.

Wanza hakuitikia. Alikuwa na mapacha wa miezi minne, na tangu Alhamisi alikuwa akinunua maji. "Na hizo buti?" aliuliza. "Ni mpya. Ulipewa lini?"

"Jumanne."

"Kwa kazi gani?"

Ndunda alizitazama. "Kwa hiyo hiyo."

"Aiya!" Wanza aliwageukia wenzake. "Jamani, mmeona bei yetu? Sisi wote, na watoto wetu, na mbuzi wa Mahat: buti mbili. Hata hazikuwa tatu!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikavu, na kiliisha upesi. Wengine walianza kusema kwa pamoja. Mmoja alitaka nyumba ya Ndunda iondolewe mwethyani, mwingine alitaka atozwe faini ya mbuzi. Syombua alisimama palepale na kamba yake, uso umenyooka, kama mtu anayesikiliza kesi ya kijiji kingine.

Nthambi aliinua jembe, watu wakatulia. Hakumtazama Ndunda kwa huruma. "Mbuzi hatoi gamba," alisema. "Wewe unaijua hii kitu kuliko sisi. Inatolewaje?"

Swali lilimshangaza. "Ikiwa kavu," alijibu. "Ikiwa kavu hivi, inabanduka. Lakini mvua ikiinyeshea itayeyuka, itazama ndani ya mchanga, na hapo haitatoka tena. Msitupe kingoni, itarudi. Ibebwe hadi juu ya ile njia, ifukiwe."

"Tuko na muda gani?"

Wote walitazama Iveti pamoja naye. "Leo," Ndunda alisema. "Pengine leo tu."

"Basi maneno mengine yatangoja. Lakini hayatasahauliwa. Jumatatu utatupeleka kwa huyo mama wa daftari, na uyaseme tena mbele yake kama ulivyoyasema hapa. Na huko kware pia." Akamgeukia Syombua. "Mpimaji, pima."

*

Syombua alianza ukutani. Kamba moja kwa kila nyumba, kijiti kimoja kila mwisho, kama alivyopima siku zote. Watu waliingia kazini bila kungoja aliyefuata. Gamba lilibanduliwa kwa makoleo, kwa majembe, hata kwa sufuria kuukuu. Wasichana walilibeba kwa karai hadi juu ya njia. Hakuna aliyeimba. Kwa kawaida mwethya huimba.

Alipofika kwa mumewe, aliinyoosha kamba, akachomeka kijiti. Kisha akainyoosha mara ya pili, akachomeka kingine.

Wanza, aliyekuwa katika kipande cha jirani, aliacha kubandua. "Mpimaji, umekosea. Hizo ni mbili."

"Sijakosea," Syombua alisema. "Ni mbili kwa nyumba yetu."

Aliikunja kamba, akaiweka begani, akachukua jembe. Aliingia katika kile kipande cha pili, akainama, akapiga. Ndunda alimtazama kwa muda, kisha akavua buti zake, akaziweka juu ya jiwe mbali na watu, akapiga magoti peku kwenye gamba lake mwenyewe. Lilimkwaruza. Lilibanduka kwa vipande vya ukubwa wa sahani, na chini yake mchanga ulikuwa mweupe, wenye kiu.

Saa saba ngurumo ya kwanza ilipita nyuma ya kilima. Walikuwa wamefika nusu. Saa nane upepo ulibadilika, na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine ikawajia. Watu waliongeza kasi. Mahat, aliyekuwa akipita na punda wake wawili, aliwafungua mizigo bila kuombwa, akawatwika karai.

"Tutamaliza?" Mbinya aliuliza.

Mama mmoja alimjazia karai na kumwonyesha njia. Kutoka mahali alipopiga magoti, Ndunda aliona vipande vya watu vilivyobaki, vya kijivu, kuelekea kwenye kona ya mto. Jumatatu ilikuwa nyuma ya kona hiyo: uso wa yule afisa, kalamu ya Reuben, mwanawe akishuka njiani na sanduku la shule.

Tone la kwanza lilianguka mbele yake, juu ya gamba, likabaki palepale, la mviringo, liking'aa kama jicho. La pili lilianguka kiganja kimoja kando, juu ya mchanga aliokwisha kuufungua. Alilitafuta. Halikuwepo, mchanga ulikuwa umelinywa, ukaacha doa tu, na doa lenyewe likawa linafifia.

Aliinua kichwa kumwonyesha mkewe.

"Nimeona," Syombua alisema bila kuacha kupiga. "Usisimame."